Kutoka Utiifu hadi Uhamaji: Kulegea kwa Ufungamano wa Wapiga Kura na Vyama Vikuu vya Siasa nchini Uingereza, 1951–2024

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna wapiga kura wa Uingereza walivyojitenga na vyama vyao vikuu viwili, Labour na Conservative, kati ya mwaka 1951 na 2024. Maelezo yaliyozoeleka hudai kwamba wananchi waliwaamini wanasiasa hapo zamani, kisha kashfa zikaivunja imani hiyo. Makala yanapinga maelezo hayo. Ushahidi unaonesha kwamba imani kwa wanasiasa haikuwa kubwa hata katika miaka ya 1940 na 1950. Kilichokuwepo wakati huo na ambacho hakipo tena ni utiifu, yaani mafungamano ya kazi, mtaa na ukoo yaliyomfanya mtu akipigie kura chama chake hata alipokitilia shaka. Mafungamano hayo yalipolegea, shaka ya zamani ilipata njia ya kutokea. Aidha, makala yanaonesha kwamba mfumo wa uchaguzi uliyaficha mabadiliko hayo kwa miongo kadhaa, kwa kuwa uliendelea kuzalisha serikali zenye wingi mkubwa bungeni kutokana na sehemu ya kura iliyozidi kupungua.

1.0 Utangulizi

Katika uchaguzi mkuu wa Oktoba 1951, vyama vya Labour na Conservative vilipata kwa pamoja takriban asilimia 97 ya kura zote, na zaidi ya asilimia 82 ya wapiga kura walijitokeza. Katika uchaguzi wa Julai 2024, vyama hivyohivyo viwili vilipata kwa pamoja takriban asilimia 57 tu, huku waliojitokeza wakiwa takriban asilimia 60. Swali linaloongoza makala haya ni jepesi kuuliza lakini si jepesi kujibu: ni kitu gani hasa kilichopotea kati ya chaguzi hizo mbili?

Jibu la haraka ni kwamba kilichopotea ni imani. Katika magazeti na katika hotuba za wanasiasa wenyewe, historia hii husimuliwa kama hadithi ya anguko: palikuwa na zama njema ambapo viongozi walikuwa waadilifu na wananchi waliwaheshimu, kisha zikaja kashfa, moja baada ya nyingine, na heshima ikatoweka. Kasoro ya masimulizi hayo ni kwamba hayawezi kueleza kwa nini kashfa na makosa makubwa ya zamani hayakuwaondoa wapiga kura katika vyama vyao, ilhali makosa ya baadaye, ambayo mengine yalikuwa madogo kwa thamani ya fedha, yaliwaondoa.

Kabla ya kuendelea, mipaka ya uchunguzi ibainishwe. Neno Uingereza limetumika hapa kwa maana ya dola nzima yenye Bunge lake London, lakini uchambuzi unahusu England, Scotland na Wales. Ireland ya Kaskazini ina mfumo wake wa vyama, na historia yake inahitaji makala ya peke yake. Neno vyama vikuu limekusudiwa kwa Labour na Conservative, vyama pekee vilivyoongoza serikali tangu mwaka 1945. Baraza la wabunge wanaochaguliwa na wananchi litaitwa Bunge la Makabwela, kama lilivyozoeleka kuitwa katika Kiswahili.

2.0 Kiunzi cha Nadharia

Uchambuzi huu unaongozwa na fikra za mwanauchumi Albert O. Hirschman katika kitabu chake cha mwaka 1970 kuhusu mwenendo wa watu pale asasi wanazozitegemea zinapodorora. Inafaa kukumbuka kwamba fikra hizo zilichipuka barani Afrika. Hirschman alizianza alipotafakari kwa nini huduma za reli nchini Nigeria ziliendelea kuwa mbovu ingawa malori yalikuwa yakizinyang'anya wateja.

Kwa mujibu wa Hirschman, mtu asiyeridhika ana njia mbili. Anaweza kuhama, yaani kuiacha asasi na kwenda kwingine, au anaweza kupaza sauti, yaani kubaki ndani na kudai marekebisho. Kinachoamua njia atakayoishika ni utiifu wake. Mwenye utiifu huchelewa kuhama, na kuchelewa huko huipa asasi muda wa kujirekebisha.

Nadharia hii inatusaidia kutenganisha mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. Imani ni kuamini kwamba kiongozi atatenda haki. Utiifu ni kubaki naye hata pale usipokuwa na hakika kwamba atatenda haki. Mkulima anaweza kulalamikia ushirika wake kila msimu na bado akapeleka mazao yake hukohuko kwa sababu baba yake alifanya hivyo, jirani zake wanafanya hivyo, na hakuna mnunuzi mwingine. Hoja ya makala haya ni kwamba mpiga kura wa Uingereza wa mwaka 1951 alifanana sana na mkulima huyo.

3.0 Zama za Utiifu Wenye Shaka, 1944–1970

Ushahidi wa kwanza unatoka katika kipindi cha Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Mwaka 1944, watafiti wa maoni ya umma waliwauliza Waingereza kama wanasiasa walijali zaidi maslahi yao binafsi, ya chama chao, au ya nchi. Watu 35 kati ya 100 walisema wanasiasa walijijali wenyewe, 22 walisema walikijali chama, na 36 walisema waliijali nchi. Majibu hayo yalitolewa wakati taifa likiwa vitani chini ya serikali ya umoja iliyoongozwa na Winston Churchill. Ikiwa katika wakati kama huo ni takriban theluthi moja tu ya watu walioamini kwamba wanasiasa waliitanguliza nchi, ni vigumu kuzungumzia zama za dhahabu za imani.

Ushahidi wa pili unahusu Tanganyika moja kwa moja. Kuanzia mwaka 1947, serikali ya Labour chini ya Clement Attlee ilitekeleza Mpango wa Karanga katika maeneo ya Kongwa, Urambo na Nachingwea. Mpango huo, uliosimamiwa na Wizara ya Chakula chini ya John Strachey, ulikusudia kulima zaidi ya ekari milioni 3 ili kuwapatia Waingereza mafuta ya kula. Ardhi ya Kongwa ilikuwa ngumu, mvua hazikutosha, na mitambo iliharibika. Mapema mwaka 1951 serikali ilitangaza kuuacha mpango huo, na takriban pauni milioni 36 za walipa kodi zikafutwa katika hesabu. Wahafidhina waliligeuza suala hilo kuwa silaha ya kampeni, na neno karanga likawa kejeli ya kuielezea serikali inayotumia fedha bila hesabu.

Pamoja na hayo, matokeo ya uchaguzi wa Oktoba mwaka huohuo yanafundisha. Labour ilipata takriban kura milioni 13.9, nyingi kuliko ilizozipata mwaka 1950 na nyingi kuliko chama chochote kilivyowahi kupata hadi wakati huo. Ilishindwa kwa sababu mgawanyo wa majimbo uliwapa Wahafidhina viti 321 dhidi ya viti 295, ingawa Wahafidhina walikuwa nyuma kwa zaidi ya kura 200,000. Kwa maneno mengine, hasara kubwa ya fedha za umma haikuwakimbiza wafuasi wa Labour. Hawakubaki kwa kuwa walifurahishwa na Kongwa. Walibaki kwa kuwa Labour ilikuwa chama chao.

Utiifu huo ulikuwa na mizizi inayoonekana. Mwaka 1953 Chama cha Conservative kilikuwa na takriban wanachama milioni 2.8, na Labour ilikuwa na takriban wanachama milioni moja waliojiunga binafsi, mbali na mamilioni waliohesabiwa kupitia vyama vya wafanyakazi. Mtu alikutana na chama chake kiwandani, kwenye klabu ya mtaa, kwenye ushirika wa maduka au kanisani, na hakusubiri kampeni ndipo akisikie. Katika miaka ya 1960, David Butler na Donald Stokes walionesha katika utafiti wao kwamba wapiga kura wengi walikirithi chama kutoka kwa wazazi wao, na kwamba takriban theluthi mbili ya wafanyakazi wa kazi za mikono waliipigia kura Labour. Katika uchaguzi wa 1964, zaidi ya watu wanne kati ya kumi walijieleza kuwa wafuasi imara sana wa chama fulani. Kufikia mwaka 2005, waliojieleza hivyo walikuwa takriban mmoja kati ya kumi.

4.0 Nyufa za Kwanza, 1974–1992

Ufa wa kwanza ulionekana Februari 1974. Waziri Mkuu Edward Heath, akikabiliwa na mgomo wa wachimbaji wa makaa ya mawe na akiwa ameviwekea viwanda wiki ya kazi ya siku tatu ili kuokoa umeme, aliitisha uchaguzi akiwataka wananchi waamue ni nani anayeitawala nchi. Wananchi hawakumjibu kwa uwazi. Wahafidhina walipata asilimia 37.9, Labour asilimia 37.2, na Waliberali, waliokuwa wamedharauliwa kwa miongo miwili, walipata asilimia 19.3. Sehemu ya vyama vikuu viwili ilishuka hadi takriban asilimia 75. Hata hivyo, asilimia hiyo 19.3 iliwapatia Waliberali viti 14 tu.

Jambo hilohilo lilijirudia kwa ukali zaidi mwaka 1983. Wanasiasa wanne waandamizi wa Labour, Roy Jenkins, Shirley Williams, David Owen na Bill Rodgers, walikuwa wameanzisha chama kipya mwaka 1981 na kuungana na Waliberali. Muungano wao ulipata asilimia 25.4 ya kura na viti 23. Labour ilipata asilimia 27.6 na viti 209. Tofauti ya asilimia mbili za kura ilizaa tofauti ya viti 186. Hapa ndipo mfumo wa uchaguzi unapoingia katika hoja yetu. Mgombea anayeongoza jimboni huchukua kiti hata asipopata nusu ya kura, na kura za wengine wote katika jimbo hilo hazina kazi tena. Chama chenye wafuasi waliotawanyika nchi nzima huambulia patupu. Kwa sababu hiyo, wapiga kura walikuwa wameanza kuhama, lakini bungeni ilionekana kana kwamba hakuna aliyeondoka.

Wakati huohuo, mazingira yaliyoulea utiifu yalikuwa yakibomoka. Migodi ya makaa ya mawe ilipotaifishwa mwaka 1947 ilikuwa na takriban wafanyakazi 700,000. Mgomo mkubwa wa wachimbaji ulipoanza Machi 1984, walikuwa wamebaki chini ya 200,000, na mgomo huo ulipokwisha Machi 1985 bila mafanikio, kasi ya kufunga migodi iliongezeka. Mgodi wa mwisho wa kina kirefu chini ya ardhi, Kellingley, ulifungwa Desemba 2015. Mgodi ulipofungwa, tawi la chama cha wafanyakazi, ukumbi wa ustawi na mikutano ya Jumapili vilifungwa pamoja nao, na kijana alikosa mahali pa kuurithi utiifu wa babaye.

Upande wa Wahafidhina haukusalimika. Serikali ya Margaret Thatcher ilianzisha kodi ya kichwa nchini Scotland mwaka 1989, kisha England na Wales mwaka 1990. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa kwa nini kodi inayomtoza maskini sawa na tajiri huchukiwa. Ghasia za tarehe 31 Machi 1990 katika uwanja wa Trafalgar zilidhihirisha hasira hiyo, na kabla ya mwaka kwisha Thatcher alikuwa amejiuzulu. Mrithi wake, John Major, alishinda uchaguzi wa Aprili 1992, lakini tarehe 16 Septemba mwaka huo pauni iliporomoka na kuondolewa katika utaratibu wa Ulaya wa viwango vya kubadilishia fedha. Sifa ya Wahafidhina ya kuujua uchumi ikaharibika ndani ya siku moja.

5.0 Mlango Uliofungwa Pande Zote, 1997–2010

Ushindi wa Labour chini ya Tony Blair mwaka 1997, wenye viti 418, ulichukuliwa na wengi kuwa mwanzo wa zama mpya. Takwimu za waliojitokeza zinasema vingine. Walikuwa asilimia 71 mwaka 1997, kiwango cha chini kuliko uchaguzi wowote uliotangulia tangu vita, na mwaka 2001 walishuka hadi asilimia 59.4, kiwango cha chini zaidi tangu mwaka 1918. Mtafiti Peter Mair alilieleza jambo hili kuwa ni kuondoka kwa pande mbili: wananchi walirudi katika maisha yao binafsi, na viongozi wa vyama nao wakajiegemeza katika dola na kuacha kuwategemea wanachama.

Vita vya Iraq vilionesha matokeo ya hali hiyo. Tarehe 15 Februari 2003, mamia ya maelfu ya watu waliandamana London kuipinga vita. Tarehe 18 Machi, Bunge la Makabwela liliidhinisha vita kwa kura 412 dhidi ya 149 za wapinzani. Katika kura ya marekebisho ya kupinga vita iliyopigwa siku hiyohiyo, wabunge 139 wa Labour waliasi, lakini wengi wa Wahafidhina waliiunga mkono serikali. Tukitumia istilahi za Hirschman, wananchi walipaza sauti na hawakusikilizwa. Aliyetaka kuhamia chama kikuu cha upinzani alikuta nacho kimeunga mkono vita hivyohivyo.

Walionufaika kwanza ni Waliberali wa Kidemokrasia, walioipinga vita na kupata viti 62 mwaka 2005. Katika uchaguzi wa 2010 wagombea wao walitia saini ahadi ya kupinga ongezeko la ada za vyuo vikuu. Wakaingia katika serikali ya mseto na Wahafidhina, na Desemba 2010 zaidi ya ishirini kati ya wabunge wao walipiga kura ya kupandisha ada nchini England kutoka zaidi kidogo ya pauni 3,000 kwa mwaka hadi kiwango cha juu cha pauni 9,000. Ahadi ni deni, na deni hilo lililipwa mwaka 2015, chama hicho kilipoanguka kutoka viti 57 hadi viti 8. Kwa mpiga kura, funzo lilikuwa zito kuliko suala la ada lenyewe: hata mlango wa tatu uliishia kwenye chumba kilekile.

Katikati ya matukio hayo, Mei 2009, gazeti la Daily Telegraph lilichapisha hati za marejesho ya gharama za wabunge. Wananchi walisoma kuhusu wabunge waliobadili usajili wa nyumba zao ili kujinufaisha, na kuhusu maombi ya fedha za kijumba cha bata bwawani. Spika Michael Martin alijiuzulu, akiwa Spika wa kwanza kulazimishwa kuondoka tangu mwaka 1695, na wabunge kadhaa walifungwa jela. Ni hapa ambapo ulinganisho na Mpango wa Karanga unakuwa na maana. Fedha zilizopotea Kongwa zilikuwa nyingi zaidi kwa mbali, lakini kashfa ya 2009 ndiyo iliyoacha kidonda kisichopona. Tofauti haiko katika ukubwa wa kosa tu. Mwaka 1951 kosa lilitendwa na chama ambacho mpiga kura alijihesabu kuwa sehemu yake. Mwaka 2009 kosa lilitendwa na watu wa pande zote ambao mpiga kura aliwaona kuwa tabaka moja lililo mbali naye, na tena katika mwaka ambao fedha za umma zilikuwa zimetumika kuziokoa benki.

6.0 Bolsover: Mfano wa Jimbo Moja

Mwelekeo wa kitaifa hueleweka vizuri zaidi unapotazamwa mahali pamoja. Jimbo la Bolsover, katika mkoa wa Derbyshire, liliundwa mwaka 1950 katika eneo la migodi ya makaa ya mawe na likashikwa na Labour bila kukatizwa. Kuanzia 1970 liliwakilishwa na Dennis Skinner, aliyekuwa mchimbaji. Mwaka 1997 alipata takriban robo tatu ya kura.

Mgodi wa Shirebrook, uliomo jimboni humo, ulifungwa mwaka 1993. Baadaye ghala kubwa la bidhaa za michezo lilijengwa katika eneo la mgodi huo. Mwaka 2016 kamati ya Bunge ilichunguza mazingira ya kazi katika ghala hilo na kuyakosoa vikali. Wengi wa wafanyakazi hawakuwa na ajira ya kudumu, na waliletwa na mawakala. Kazi ilirudi mahali palepale, lakini ufungamano haukurudi, kwa sababu mtu asiyejua kama kesho ataitwa kazini hawezi kujenga tawi la chama kama lile lililojengwa na wachimbaji.

Katika kura ya maoni ya Juni 2016, zaidi ya asilimia 70 ya wapiga kura wa wilaya ya Bolsover walitaka kuondoka katika Umoja wa Ulaya, kinyume na msimamo rasmi wa Labour na wa serikali ya Wahafidhina kwa wakati mmoja. Desemba 2019 Skinner, akiwa ametumikia miaka 49, alishindwa na mgombea wa Conservative. Mwaka 2024 Labour ilikirejesha kiti hicho, lakini kwa chini ya nusu ya kura. Kosa la kusoma matokeo hayo ni kuyaita safari ya kwenda kulia na kurudi kushoto. Yanaeleweka vizuri zaidi kama jimbo lililoacha kuwa mali ya mtu yeyote.

7.0 Uhamaji wa Wazi, 2014–2024

Inaweza kudaiwa kwamba Waingereza wamechoka tu na siasa. Kura za maoni mbili zinakanusha dai hilo. Katika kura ya uhuru wa Scotland ya Septemba 2014, waliojitokeza walikuwa asilimia 84.6. Katika ile ya Umoja wa Ulaya walikuwa asilimia 72.2, zaidi ya uchaguzi mkuu wowote tangu mwaka 1992. Wananchi walipoulizwa swali lenyewe bila kulazimika kupita kwenye mkono wa chama, walikwenda kupiga kura. Walichokikataa ni mawakala, si siasa.

Matokeo ya kura hizo yaliharakisha uhamaji. Nchini Scotland, Labour ilikuwa imefanya kampeni bega kwa bega na Wahafidhina kuutetea muungano. Mwaka uliofuata ilishuka kutoka viti 41 hadi kiti kimoja, na chama cha kizalendo cha SNP kikachukua viti 56 kati ya 59. Katika uchaguzi huohuo wa 2015, chama cha UKIP kilipata takriban kura milioni 3.9 nchi nzima na kuambulia kiti kimoja.

Je, uchaguzi wa 2017 hauvunji hoja hii? Mwaka huo vyama vikuu viwili vilipata zaidi ya asilimia 82 ya kura, na idadi ya wanachama wa Labour ilikuwa imepanda na kupita nusu milioni. Pingamizi hili ni zito na halistahili kupuuzwa. Lakini miaka miwili baadaye, katika uchaguzi wa Bunge la Ulaya wa Mei 2019, chama kipya cha Brexit kilipata zaidi ya asilimia 30 na kuongoza, Labour ikapata chini ya asilimia 14, na Wahafidhina, waliokuwa serikalini, chini ya asilimia 9. Utiifu wa kweli hauyeyuki ndani ya miezi 23. Kilichoonekana mwaka 2017 kilikuwa mkopo: wapiga kura waliviazima vyama vikuu kura zao kwa sababu ya suala moja, na walizichukua tena waliposhindwa kulipwa.

Mwaka 2022 nchi ilikuwa na mawaziri wakuu watatu. Boris Johnson aliondoka baada ya kutozwa faini na polisi kuhusiana na mikusanyiko iliyovunja masharti ya janga la korona. Liz Truss alichaguliwa na wanachama 81,326 wa Chama cha Conservative katika nchi yenye wapiga kura zaidi ya milioni 46, akatawala kwa siku 49, na kuondoka baada ya bajeti yake kuyumbisha masoko ya fedha. Chama kilichokuwa na wanachama milioni 2.8 kikimchagua kiongozi kingeweza kudai kinazungumza kwa niaba ya umma. Mabaki ya chama hicho hayakuweza.

Uchaguzi wa 2024 ndio uliotoa picha kamili. Labour ilipata viti 411 kati ya 650, takriban asilimia 63 ya Bunge, kwa asilimia 33.7 ya kura. Hakuna chama kilichowahi kuunda serikali ya wingi bungeni kwa sehemu ndogo kiasi hicho. Kwa hesabu ya kura, takriban milioni 9.7, Labour ilipata pungufu ya zile zaidi ya milioni 10 za mwaka 2019, mwaka ambao iliambulia viti 202 na kuomboleza kushindwa kukubwa kuliko kote tangu 1935. Chama cha Reform UK kilipata zaidi ya kura milioni 4 na viti 5. Mwaka huohuo, ripoti ya utafiti wa kitaifa wa mitazamo ya jamii ilionesha kwamba watu 45 kati ya 100 hawaamini karibu kamwe kwamba serikali ya chama chochote itatanguliza mahitaji ya nchi mbele ya maslahi ya chama.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamejenga hoja tatu. Kwanza, Waingereza hawakuanza kuwashuku wanasiasa mwaka 2009 wala 2003. Shaka ilikuwepo mwaka 1944, ingawa imeongezeka sana tangu wakati huo. Pili, kilichobadilika kwa kina zaidi ni utiifu uliokuwa umeibeba shaka hiyo, na utiifu huo ulijengwa na mahali watu walipofanyia kazi na kukutania, si na hotuba. Tatu, mfumo wa uchaguzi uliwanyima viongozi taarifa. Tangu 1974 wapiga kura walikuwa wakihama, lakini hesabu za viti ziliwaambia viongozi kwamba wamebaki.

Hoja hizo zina athari kwa namna tiba inavyofikiriwa. Kila baada ya kashfa, Uingereza imeunda kanuni mpya: kanuni saba za maadili ya viongozi wa umma mwaka 1995, na mamlaka huru ya kusimamia gharama za wabunge mwaka 2009. Hatua hizo zilikuwa za lazima, lakini zilitibu imani, ilhali ugonjwa ulikuwa katika ufungamano. Mbunge anaweza kuwa mwadilifu kabisa na bado akawa mgeni jimboni kwake.

Kwa watafiti wa Afrika Mashariki, suala hili si la mbali. Tanzania na Kenya zilirithi kutoka London utaratibu uleule wa kumpa kiti cha ubunge mgombea anayeongoza jimboni, na katika mijadala yetu wingi wa viti bungeni huchukuliwa mara nyingi kuwa kipimo cha ridhaa ya umma. Historia iliyochunguzwa hapa inaonesha kwamba vitu hivyo viwili vinaweza kuachana kwa nusu karne bila viongozi kutambua. Aliyehesabu viti mwaka 2024 aliona serikali yenye nguvu kuliko nyingi zilizoitangulia. Aliyehesabu watu aliona kwamba kati ya kila Waingereza watano wenye haki ya kupiga kura, ni mmoja tu aliyekuwa ameichagua.